Dole gumba la programu: kupima ni bure, orodha ndiyo yenye bei

Na Mwandishi wa Masoko

MNUNUZI wa mchele anayeijua kazi yake haridhiki na maandishi yaliyo juu ya gunia. Huchomeka bambo, akamimina punje kiganjani, akazitazama, akatafuna mbili tatu, ndipo akataja bei. Mnunuzi huyohuyo akiletewa programu ya kutunza hesabu za duka, au ya kununulia hisa kwa simu, huibonyeza ikafunguka na papo hapo akaanza kuingiza namba zake za siri. Hajaona punje hata moja.

Wiki hii ukurasa huu unaziacha bei za mazao pembeni na kuzungumzia bambo la programu. Bambo hilo lipo, limekuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kulitumia hakugharimu hata senti tano. Lakini lina mipaka yake, na watu wenye mitaji mikubwa kuliko ya wengi wetu wamepata hasara kwa kutoijua mipaka hiyo.

Tuanze na wenye fedha ndogo. Novemba 18, 2019, wateja wa sarafu ya mtandaoni iitwayo Monero waliingia kwenye tovuti rasmi ya sarafu hiyo kuchukua programu ya pochi, yaani ile inayotunza ufunguo wa fedha zao. Anuani ilikuwa ileile, ukurasa uleule, jina la faili lilelile. Kilichobadilika ni faili lenyewe. Wezi walikuwa wamepenya kwenye mtambo unaogawa mafaili na kuweka la kwao, ambalo mteja akiifungua pochi yake humpelekea mwizi ufunguo kimyakimya. Mteja mmoja alieleza kuwa muda wa saa tisa hivi baada ya kuendesha programu hiyo, pochi yake ilikombwa yote kwa mkupuo mmoja, takriban dola 7,000 za Marekani.

Mteja mwingine alikuwa na tabia ya mnunuzi wa mchele. Kabla ya kulifungua faili alilipima dole gumba, akalilinganisha na lile lililoandikwa katika orodha ya watengenezaji, akaona hayafanani. Akauliza hadharani kulikoni. Siku iliyofuata wahusika walikiri kuwa mtambo uliingiliwa na kuwataka wote waliochukua programu siku ile wapime upya kabla ya kugusa chochote. Mafaili ya wezi yaligawiwa kwa muda mfupi tu. Bila ya mtu mmoja mwenye kupima, muda huo ungeweza kuwa mrefu mno.

MSTARI WA ALAMA 64

Dole gumba la faili wataalamu huliita hashi. Ni hesabu inayolichukua faili zima, liwe dogo kama barua au kubwa kama filamu, ikalisaga lote mpaka mwisho na kutoa mstari mmoja wenye urefu usiobadilika. Kwa kanuni inayotumika zaidi siku hizi, SHA-256, mstari huo una alama 64, kila moja ikiwa tarakimu kati ya 0 na 9 au herufi kati ya a na f. Faili likiwa lilelile mstari ni uleule, uwe umepimwa Kariakoo au Tokyo. Faili likiguswa hata nukta moja, mstari hugeuka mzima mzima. Anayetazama mistari miwili hawezi hata kukisia kuwa mafaili hayo yalitofautiana kwa nukta moja.

Msomaji mwenye kompyuta anaweza kujaribu leo hii. Andika kwenye faili dogo maneno "Nadaiwa 10000", pima, kisha ongeza sifuri moja na upime tena. Mistari miwili haitakuwa na undugu wowote. Sasa rudisha sifuri ilikotoka, ubadili jina la faili uliite "picha ya harusi", upime mara ya tatu. Mstari wa kwanza utarudi kama ulivyokuwa, kwa kuwa jina halimo katika hesabu. Kinachopimwa ni kilicho ndani ya gunia, na maandishi ya juu hayahesabiwi kabisa.

Hata faili tupu lisilo na kitu ndani lina dole gumba lake. Kwa SHA-256 linaanza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855. Wapelelezi wa kompyuta wamelizoea kama sisi tulivyozoea sauti ya simu iliyokatika. Ukilipata hilo baada ya kupakua programu, umepakua hewa.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba mstari huu haurudi nyuma. Mwenye dole gumba la mtu kwenye hati ya shamba hawezi kumwumba mtu huyo upya, na mwenye mstari wa alama 64 hawezi kulitengeneza faili upya. Ndiyo maana mtu anaweza kutangaza madole gumba ya programu za watu wote duniani bila ya kumwibia mtengenezaji hata mmoja.

RAFU ZA GAITHERSBURG

Kulinganisha kunataka kitu cha kulinganisha nacho. Jiwe la mizani lina maana kwa kuwa mahali fulani lipo jiwe mama lenye muhuri. Nchini Marekani kazi ya vipimo iko chini ya taasisi ya NIST, iliyoanza mwaka 1901 kwa jina jingine, na taasisi hiyohiyo ya kupima urefu na uzito ndiyo inayotunza pia jiwe mama la programu. Katika ofisi zake za Gaithersburg, jimbo la Maryland, iko maktaba inayojulikana kwa herufi NSRL. Kazi yake ni kukusanya programu. Nyingine hununuliwa dukani kama mtu yeyote anavyonunua, nyingine hutolewa na watengenezaji. Kila diski na kila sanduku huandikwa kwenye daftari na kuwekwa kwenye rafu chini ya kufuli. Halafu programu hufunguliwa, kila faili lililomo hupigwa dole gumba, na orodha hutangazwa mara nne kwa mwaka. Yeyote anaweza kuichukua bila malipo.

Zile rafu ndizo zinazoipa orodha nguvu. Mahakamani wakili akisimama na kusema, "Mnajuaje kuwa mstari huu ni wa programu fulani?", maktaba inaweza kufuata mstari huo mpaka kwenye diski asilia iliyotoka. Orodha isiyo na kitu nyuma yake ni maneno ya mtu tu. Mwaka 2004, wakati Marekani ikibishana juu ya mashine za kupigia kura, watengenezaji wakubwa wa mashine hizo walitakiwa kupeleka programu zao kwenye maktaba hii ili maofisa wa uchaguzi wawe na cha kulinganishia.

Walengwa wa kwanza wa orodha hiyo ni wapelelezi. Kompyuta ya kampuni ikishakamatwa huwa na mafaili kwa malaki, na sehemu kubwa yake ni ya Windows, ya mashine ya kuchapisha, ya michezo ya karata. Hakuna askari atakayeyafungua moja moja. Hivyo diski nzima hupigwa madole gumba, yanayojulikana huondolewa mezani, na mpelelezi hubaki na yale yasiyo katika orodha yoyote: barua, ankara, picha, na pengine kitabu cha pili cha hesabu.

Hapa msomaji aone mambo mawili. Mwenye kuficha kitabu chake cha pili kwa kukipa jina la faili la Windows amejisumbua bure. Dole gumba lake halimo kwenye orodha, kwa hiyo ndilo litakalobaki mezani likishangaa. Na mwenye kutumia programu ya wizi kwa kuibadili jina naye hakujificha, kwa kuwa mafaili ya ndani yanajulikana kwa mistari yao. Katika mashauri ya hakimiliki ya programu, hoja ya "hiyo ni programu nyingine yenye sura kama hiyo" haifiki mbali mbele ya mistari elfu inayolingana alama kwa alama.

INAJULIKANA, LAKINI NI NJEMA?

Sasa tufike kwenye mpaka wa kwanza, ambao wauzaji wengi huuruka. Maktaba ya Gaithersburg haisemi kuwa programu ni njema. Inasema tu kuwa inajulikana: faili hili limetoka katika programu fulani, toleo fulani, la kampuni fulani. Kwenye rafu zake zimo pia programu za kuvunjia nywila na za kufichia ujumbe ndani ya picha, kwa sababu nazo zinauzwa na zinajulikana. Nimewahi kumsikia muuzaji mmoja wa vifaa akimwambia mteja kuwa mafaili yote "yamethibitishwa salama na serikali ya Marekani". Nilinyamaza kwa adabu, lakini uongo ule ulikuwa mkubwa kuliko kompyuta aliyokuwa akiiuza.

Kinyume chake nacho ni kweli. Programu ya kutunza stoo iliyoandikwa na kijana wa Dar es Salaam kwa maduka kumi ya mtaani haitaonekana Gaithersburg, wala hilo halimfanyi kijana huyo kuwa tapeli. Mpaka aandike orodha yake mwenyewe, bidhaa yake itabaki haijulikani.

Na orodha hiyo aiweke wapi? Jambo hili lilijitokeza wazi Februari 20, 2016. Wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaogawiwa bure na kupendwa na wengi, wakageuza kiungo cha kupakulia ili kiwapeleke watu kwenye faili lenye mlango wa nyuma lililokuwa kwenye mtambo wa Bulgaria. Mmoja wao alipohojiwa na ZDNet alidai kuwa alibadilisha pia dole gumba lililoandikwa kwenye ukurasa ule, akaweka la faili lake. Mteja aliyepima aliona vinalingana barabara, kama mnunuzi aliyepimiwa kwa mizani ya mwizi na jiwe la mwizi. Mdukuzi yuleyule hakuwa na hofu kubwa hata kabla ya kubadilisha, kwani kwa maoni yake wanaopima ni wachache mno. Nasikitika kusema alikuwa na haki.

Ndiyo maana watengenezaji makini hutia saini ya kompyuta kwenye orodha yenyewe, kwa ufunguo ambao haukai kwenye mtambo wa tovuti. Mwizi aliyeingia kwenye tovuti anaweza kuandika orodha mpya, ila hawezi kuitia saini ile. Asiye na ujuzi wa kukagua saini afanye jambo la kienyeji ambalo nalo husaidia: dole gumba alipate kwa njia nyingine, tofauti na ile iliyomletea faili. Faili likija kwa mtandao, mstari uje kwa simu, kwa karatasi, au kwa mtu.

Mpaka wa pili ni mchungu zaidi. Juni 27, 2017, kampuni zilizofanya biashara nchini Ukraine ziliona kompyuta zao zikizimika moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zikitumia programu ya hesabu iitwayo M.E.Doc, ambayo wafanyabiashara wa huko walipelekea taarifa za kodi. Wavamizi walikuwa wameingia kwa mtengenezaji mwenyewe na kupachika mlango wa nyuma ndani ya matoleo mapya. Kwa uchunguzi wa kampuni ya ESET, walau matoleo matatu yalitoka hivyo kati ya Aprili na Juni. Faili lilitoka kiwandani, kwa njia halali, kwa mteja aliyelipia. Hapo dole gumba lingelingana na la kiwandani bila kasoro, kwa kuwa uchafu uliingia kabla ya kupimwa.

Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake tunayaona kwenye bandari zetu, ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 200 na milioni 300. Mwenyekiti wake alieleza baadaye, Januari 2018, kwamba walilazimika kuweka upya mitambo mikuu 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi. Yote yalianzia kwenye programu ya kodi. Mwenye duka anayedhani programu za hesabu ni kitu kidogo cha karani alitafakari hilo.

WALIOIUZA ORODHA

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa masoko, tutazame fedha. Kupima dole gumba ni bure, na kanuni zake zimechapishwa kwa kila mtu. Zipo kampuni, hata hivyo, zilizouza orodha na ulinzi wa orodha kwa mamilioni, na bei za kampuni hizo zimepanda na kushuka kama za bidhaa nyingine.

Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, mwanafunzi Gene Kim na mwalimu wake Gene Spafford waliandika programu iitwayo Tripwire. Wazo lake lilikuwa jepesi: piga madole gumba ya mafaili yote muhimu siku kompyuta ikiwa safi, weka orodha mahali salama, kisha pima tena kila siku. Lililobadilika bila idhini litaonekana. Wazo likageuka kampuni mwaka 1997. Desemba 2014 kampuni ya Belden ya St. Louis, inayotengeneza nyaya na vifaa vya mitambo, ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 710. Miaka saba baadaye, mwanzoni mwa 2022, Belden ikaiuza kwa kampuni ya HelpSystems kwa dola milioni 350.

Sisemi kuwa dole gumba ndilo lililoshusha bei hiyo kwa nusu. Washindani walikuwa wengi, na mtengenezaji wa nyaya hakuwa nyumbani kwake katika biashara hiyo. Lakini mwekezaji mdogo anayeambiwa kuwa kampuni fulani ina "teknolojia ya siri ya kutambua mafaili" akumbuke kuwa kanuni ya kupima haina siri hata moja. Anunuapo hisa, ananunua uaminifu wa orodha na uwezo wa watu wanaoitunza. Siku uaminifu huo ukitikisika hakuna mashine ya kuuza kwa bei ya chuma chakavu.

Mfano wa kutikisika upo. Kampuni ya Bit9, ya jimbo la Massachusetts, iliuza ulinzi wa kinyume cha ule tuliouzoea. Dawa za virusi za kawaida hushika orodha ya wabaya, na wengine wote hupita. Bit9 ilishika orodha ya wanaojulikana, na asiyekuwemo hapiti. Ni ulinzi mzuri, na binafsi naupenda, kwa kuwa wabaya hawahesabiki. Februari 2013 kampuni hiyo ikatangaza kuwa wavamizi wameingia kwake, wakaufikia ufunguo wake wa kutilia saini, wakautumia kutia saini programu za hujuma, na programu hizo zikaonekana kwa wateja watatu. Kwa kuwa saini ilikuwa ya Bit9 mwenyewe, mlango ulifunguliwa bila swali. Wavamizi waliingia kupitia wapi? Kampuni ilikiri kuwa baadhi ya kompyuta zake hazikuwekwa bidhaa yake yenyewe. Mganga hajigangi, wahenga walishamaliza.

Ajabu ni kwamba biashara haikufa. Mwaka 2014 iliungana na Carbon Black, baadaye ikachukua jina hilo, na Mei 2018 ikauza hisa zake kwa umma kwa dola 19 kila moja. Agosti 2019 kampuni ya VMware ilitangaza kuinunua kwa dola 26 taslimu kila hisa, jumla kama dola bilioni 2.1. Aliyenunua siku ya kwanza na kusubiri mpaka mwisho alipata dola saba kwa kila hisa, zaidi ya theluthi ya fedha aliyoweka, kwa muda usiofika miaka miwili. Kukiri kosa mapema kuna faida yake sokoni, ingawa sishauri mtu avunjiwe nyumba ili aipate.

MADOLE YALIYOCHAKAA

Si kila kanuni ya kupima bado inafaa. Ile iitwayo MD5, iliyotungwa na Ronald Rivest na kuchapishwa mwaka 1992, hutoa alama 32. Agosti 2004 mtaalamu wa China, Bibi Xiaoyun Wang, na wenzake walionyesha mafaili mawili tofauti yenye dole gumba moja la MD5. Mwaka 2012 ikabainika kuwa virusi vilivyoitwa Flame vilitumia udhaifu wa namna hiyo kughushi cheti kilichoonekana kuwa cha Microsoft. Nduguye mkubwa, SHA-1 ya alama 40, ilifuata njia hiyohiyo: Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walitoa nyaraka mbili za PDF zenye sura mbili na dole gumba moja. Kazi hiyo ilikula hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa maelfu ya miaka, lakini wenye mitambo mingi waliimaliza.

Hatari yake kwa mfanyabiashara iko kwenye mikataba. Tapeli anaweza kutengeneza nyaraka mbili pamoja, moja yenye bei nzuri na nyingine yenye bei mbaya, zote kwa dole gumba moja, akakupa nzuri uikubali na kutoa mbaya mbele ya shauri. Angalia kuwa ni yeye aliyezitengeneza zote mbili. Kuchukua faili lililokwisha kuwepo la mtu mwingine na kulitafutia pacha ni kazi nyingine, ngumu zaidi kwa mbali, na mpaka sasa haijafanyika kwa vitendo hata kwa MD5. Ndiyo sababu orodha za zamani za wapelelezi hazikutupwa. Lakini kwa biashara mpya hakuna haja ya kubahatisha. NIST imetaka SHA-1 iwe imeachwa kabisa ifikapo Desemba 31, 2030. Anayekupa MD5 peke yake leo mwombe SHA-256, na akisita, mwulize kwa nini.

JINSI YA KUPIMA

Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, kisha SHA256. Kwenye Mac ni shasum -a 256 na jina la faili, na kwenye Linux ni sha256sum. Mstari hutoka baada ya sekunde chache, au dakika moja mbili kama faili ni kubwa.

Linganisha mstari wote. Watu wengi hutazama alama nne za mwanzo na nne za mwisho, wakaridhika. Alama nane zina michanganyiko bilioni 4.3 tu, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huweza kuipitia, kwa hiyo mwizi mwenye subira anaweza kutengeneza faili linalofanana hapo mwanzo na mwisho. Wenye sarafu za mtandaoni wanalijua hili kwa machungu, kwa kuwa anuani zao nazo ni mistari mirefu ya namna hiyo. Mei 2024 mfanyabiashara mmoja alituma bitcoin 1,155 za mfumo wa Ethereum, zenye thamani ya karibu dola milioni 70, kwenye anuani ya tapeli iliyofanana na anayoijua kwenye miisho yake miwili. Sehemu kubwa alikuja kurudishiwa baada ya mazungumzo, bahati ambayo mwenye dola 7,000 hataipata.

Kwa faili usilokuwa na orodha yake, ipo huduma ya VirusTotal, iliyoanzia Málaga nchini Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Bandika pale mstari wa alama 64, nayo itakuambia kama faili hilo limeshaonekana na makampuni ya kupambana na virusi yanalisemaje. Ikijibu kuwa halijulikani, hukuambiwa lolote, jema wala baya. Tahadhari moja: tafuta kwa mstari, usipandishe faili lenyewe kama ni mkataba au orodha ya wateja wako. Vinavyopandishwa huko huweza kuonwa na wateja wanaolipia huduma hiyo, na siri ya bei zako itakuwa imetoka dukani kwa mkono wako mwenyewe.

Programu zinazotumwa kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, za mikopo, za kubashiri na hata zile WhatsApp za kuchongwa, hazina orodha popote ambayo mnunuzi anaweza kuilinganisha na la mtengenezaji. Ushauri wa ukurasa huu ni zibaki huko zilikotoka.

Kwa programu za kuandikiwa na mafundi wa hapa nyumbani, jambo liko mikononi mwa mnunuzi. Siku ya kukabidhiana, kabla ya malipo ya mwisho, fundi apime faili mbele yako. Kwenye ankara iandikwe jina la programu, namba ya toleo, tarehe na alama zote 64, pande zote mbili zitie saini chini yake. Kila toleo jipya liwe na mstari wake na karatasi yake. Nakala moja abaki nayo fundi, nyingine iingie kwenye jalada la duka pamoja na leseni na risiti za kodi.